Kwa Mtani Wangu Aliyekataa Kusaini Ndege

Mpendwa mtani,

Leo glaida imekaguliwa na mtu mwingine. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujapelekewa habari, maana nawajua Wamakonde kwa umbeya, na sidhani kama huko uliko mmeacha.

Aliyekuja ni bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole, ana glavu nyeupe na tochi ya kuvaa kichwani. Alinisalimia vizuri. Alivua viatu kabla ya kuingia kwenye kiti cha rubani. Kwa saa sita alitazama waya za usukani akaandika, akavuta ndoano ya kuachia kamba akaandika, akasoma tarehe za mikanda akaandika, na katika saa zote hizo hakunitukana hata mara moja. Sijawahi kuogopa ukaguzi namna ile. Nilisimama pembeni nikingoja aniambie angalau kwamba mimi na ndege tumechakaa sawasawa, nijue tuko salama, lakini yule bwana kila nikimpa bisibisi anasema "asante" tu.

Wewe ulikuwa unaanza ukiwa bado nje ya mlango.

Najua barua hii itasomwa na wengi, kwa hiyo ngoja niwaweke sawa. Wewe ni Mmakonde wa Newala, wa kumwita mtu ntu na mke nke, fundi wa ndege mwenye leseni, uliyejifunza mti kwa baba yako mchonga vinyago na ukajifunza ndege baadaye mjini. Mimi ni Mmakua wa Masasi, mwalimu mstaafu wa fizikia. Yaani sisi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, ana ruhusa ya kuondoka na jogoo wako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Glaida nayo ni ndege isiyo na injini. Inavutwa na kamba ya winchi hadi ipande, inaachia kamba, na kuanzia hapo iko na upepo na Mungu. Yetu tuliachiwa na Mzungu aliyekuwa akifundisha nasi, alipoamua kurudi kwao: viti viwili, mbao, plaiwudi na kitambaa. Tukaihifadhi kwenye ghala la zamani la korosho pale uwanja wa ndege, nami nikawa rubani pekee wa glaida kuanzia Masasi hadi Ruvuma. "Kwa hiyo we ndiye bora kuliko wote," uliniambia, "na we ndiye mbovu kuliko wote."

Sheria inataka ndege, hata isiyo na injini, ikaguliwe kila mwaka na fundi mwenye leseni. Asiposaini kwenye daftari lake, hairuki. Kusini yote, fundi wa kusaini ndege ya mbao ulikuwa wewe. Nilipolisikia hilo nilikaa chini kwanza.

Kwa miaka ishirini na mbili tulielewana katika kila kitu isipokuwa jambo moja: nani amwamkie nani. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuaminika. Wewe ulidai umeshatoka jandoni mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mimi nilidai nimeshaanza kutumwa dukani Newala peke yangu, na huko nikakukuta unalia umeshikilia kanga ya mama yako. Basi kila tulipokutana tulisimama hatua tatu mbali, kila mmoja kanyamaza, akingoja shikamoo yake. Unakumbuka siku ile stendi ya Masasi? Tulinyamaziana mpaka basi likaondoka na mzigo wako juu.

Nakumbuka mwaka uliotoa kiota cha panya ndani ya mkia. Uliwaita watu wote wa karibu waje waone. "Huyu Mmakua kaweka kitoweo cha safari," uliwaambia, ukawahesabia panya mmoja mmoja. Nikasema ni posho ya fundi, nimeiweka mahali ambapo Mmakonde lazima apekue. Mwaka mwingine manyigu walijenga ndani ya mrija wa kupimia mwendo, ukasema hata manyigu wameona hii ndege haiendi popote. Na mwaka wakulima walipohifadhi mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, karibu na mkia, ikaanza kula waya, ulinibebesha mifuko yote kwa mgongo wangu huu, mwalimu mzima, huku wewe umekaa juu ya ndoo unanielekeza. Lakini baada ya maneno yote hayo ulikuwa unatoa kalamu mfukoni mwa shati, unaandika "Inaruhusiwa kuruka", unasaini. Nikazoea hivyo. Matusi kwanza, saini baadaye.

Ndiyo maana ule mwaka wa barua ya kiwanda ulitaka kuniua.

Kiwanda kilichoiunda kilikuwa kimetoa agizo kwamba ndege zote za mbao za aina ile zifunguliwe mabawa na gundi ya ndani ikaguliwe, lazima, popote zilipo. Mimi nilisema ni woga wa Wazungu. Wewe ulifungua kitambaa cha bawa la kushoto, ukatoa ile shilingi yako ya zamani, ukaanza kugonga boriti, ule mti mrefu unaolibeba bawa zima. Ko, ko, ko. Ulikuwa umefumba macho na kuinamisha kichwa, nikadhani umesinzia. Kisha ukaacha kugonga.

"Ntani," ulisema, "hili bawa limekufa."

"Limekutangulia," nikasema.

"Gundi imeachia. Ukiruka nalo utazikwa."

"Nitakuzika wewe kwanza, na matanga yako nitakula wali mara mbili."

Hukucheka. Nilikuona kabisa kwamba hukucheka, nikasema moyoni, leo Mmakonde kapania. Uliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, HAIRUHUSIWI KURUKA. Nikachukua kalamu nikaandika chini yake, "Mmakonde anaogopa upepo." Ulipoona hivyo ukachomoa pini kuu, ile inayofunga bawa na kiwiliwili, ukaitia mfukoni, ukaenda zako stendi.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na nalitangaza ili mwingine asilirudie. Mtani alikuwa amechukua kitu changu. Mtani si huchukua? Mwezi mmoja kabla ulikuwa umeondoka na jogoo wangu mwekundu, na mimi nilikuwa na kofia yako ya Idi kabatini. Haikunijia hata kidogo kwamba ile pini ilikuwa ukaguzi. Niliihesabu kama jogoo.

Nikaenda kwa fundi wa gereji nyuma ya soko, akanichongea pini nyingine kutoka kwenye shafti ya trekta bovu. Ilitoka nzuri, inang'aa. Miaka thelathini nimesimama mbele ya ubao nikifundisha mizigo na nguvu, na nilibeba kile kipande cha trekta hadi nyumbani nikikigeuzageuza kwa furaha.

Sasa, Mama Stela. Unajua mke wangu alivyokuwa hataki hata kuisogelea ile ndege. Sharti lake lilikuwa moja, apande siku wewe, Baba Zainabu, utakaposema iko sawa. Wiki ile Stela alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mama yake akawa bibi, na ubibi ukampa ujasiri. Akasema Jumamosi atapanda. Akaniuliza, "Baba Zainabu amekagua?"

Nikasema, "Amekagua."

Nikaishia hapo. Ni uwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia mke wangu, na hauna neno hata moja la uwongo ndani yake.

Alhamisi akakupigia simu kukushukuru, bila mimi kujua. Alinisimulia baadaye kwamba hukuzipokea shukrani, uliuliza tu, "Pini kapata wapi?"

Ijumaa asubuhi nilikuwa barazani na kikombe cha uji. Nikakuona unakuja na njia, umevaa kanzu, umepanda basi la kwanza kutoka Newala siku ya Ijumaa, na vumbi la safari nzima liko mabegani. Nikafurahi. Nikajua umekuja kuendeleza utani. Nikasimama, nikafunga mdomo, nikangoja usimame hatua tatu kama ada yetu. Ukazivuka zile hatua. Ukavua kofia, ukainamisha kichwa, ukasema:

"Shikamoo, Baba Stela."

"Marahaba," nikasema, kabla sijajua nasema nini.

Mtani, uji wote uliishia kwenye suruali. Miaka yote ile nilikuwa nikiingoja ile shikamoo, nimeshapanga hadi namna nitakavyoiitikia, kwa sauti nzito, kwa kuvuta. Ilipofika, niliitikia kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Ungenitukana ningecheka. Ungepiga kelele barabarani ningecheka zaidi na kuita majirani. Lakini Mmakonde hawezi kumwamkia mtani wake Mmakua kwa mchezo. Hakuna mchezo wa namna hiyo.

"Gundi ya boriti imeachia," ulisema, taratibu, umeshika kofia kwa mikono miwili. "Bawa la kushoto. Nkivutwa na winchi litakunjika juu, nawe umempakia nke wako nyuma. Nakuomba, kaka."

Mama Stela alikuwa ametokea mlangoni na mwiko. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akakiosha, akakijaza uji, akakupa wewe.

Tulikwenda ghalani watatu. Ulichukua kisu chako chembamba ukakiweka kwenye maungio ya boriti, ukakisukuma kwa kidole kimoja, kikaingia hadi kwenye mpini. Hukuniangalia. Ulinipa shilingi mkononi, ukasema nigonge mwenyewe. Mti mzima unajibu ko, kavu, haraka. Pale penye ufa ulijibu pwa, kama mtu aliyechoka kuitwa. Niligonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naogopa kuacha, kwa sababu nikiacha ningelazimika kugeuka na kumtazama mke wangu.

Nilimwogopa Mama Stela siku ile, lakini zaidi nilijionea haya. Bado naona haya, naandika hapa na masikio yanawaka.

Matengenezo yalikula miezi. Ulikwangua gundi ya zamani shibiri kwa shibiri. Mbao zilikuja kutoka kiwandani, zikakaa ghalani wiki nzima kabla hujazigusa, ukidai lazima kwanza zizoee hewa ya Masasi. Klampu zako za kubania mbao hazikutosha, tukaenda kuazima kwa maseremala wa Lulindi, wakauliza tunatengeneza kabati gani kubwa hivyo. Mvua ikaanza, gundi mpya haitaki unyevu, tukangoja. Siku nne za mwanzo ulifanya kazi kimya, ukiniambia "tafadhali" na "samahani", nikawa sili vizuri. Siku ya tano nikadondosha nyundo kwenye mguu wako, ukasema, "Ndio maana Wamakua nliachiwa mawe tu, ntu akiwapa kitu chepesi nnaangusha." Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Ile pini ya trekta uliipigilia ukutani na kipande cha bati kilichoandikwa: "Pini ya Mmakua. Isitumike hata kufungia mbuzi." Ipo mpaka leo. Yule bwana wa glavu ameisoma mara mbili.

Ukasaini, Mama Stela akapanda. Winchi ilipotuvuta alikuwa kimya, tulipoachia kamba alikuwa kimya, tukazunguka juu ya milima ya mawe na uwanda wote wa mikorosho hadi ukingo wa nyanda za juu za Newala unapoanza kuonekana kwa mbali, hakusema lolote. Nikadhani amezimia. Tulipogusa chini na kusimama akafungua mkanda wake mwenyewe, akasema, "Baba Stela, yule jirani kapanda mikorosho mistari minne ndani ya shamba letu." Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, na mistari minne ikarudi.

Lakini kuna hili ambalo sikuwahi kukuambia. Ile shikamoo niliitangaza. Ulipokuwa bado unakwangua gundi ya kuokoa maisha yangu, mimi niliipeleka sokoni, kanisani, kwenye harusi, hadi Tandahimba, kwamba Mmakonde hatimaye kanyoosha mikono, kaniamkia kwa kichwa kuinama. Kwa nini uliniamkia, sikueleza. Habari zilikufikia, najua zilikufikia. Ulikuwa na haki ya kuniaibisha mbele ya kila mtu, ukaniacha nitambe. Tulipokutana tena ulisimama hatua tatu, ukanyamaza, kama vile hakuna kilichotokea.

Ulipofariki mwaka jana, korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Binti yako Zainabu ndiye aliyenipigia, akaniita baba bila utani, nikajua kabla hajamaliza.

Mtani ana kazi yake msibani, kuwachekesha wafiwa, na mimi nilikuja Newala kuifanya. Walipoleta uani jeneza la msikiti, lile la mbao lenye mikono minne, linalobeba kila mtu kisha linarudi kumngojea mwingine, nililala mbele yake. Nikasema, "Chombo hiki hakina injini, kinabeba abiria, na sijaona daftari lake. Kimekaguliwa lini?"

"Abiria hawajawahi kulalamika," akasema mdogo wako, Baba Hamisi, macho mekundu, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata imamu alitazama pembeni. Nikainuka, nikatoa shilingi yako, ile uliyoniachia siku ya boriti, nikaanza kuligonga jeneza tupu huku nimefumba macho na kuinamisha kichwa kama wewe. Walicheka mpaka wengine wakalia. Ko, ko, ko. Mkono wa mbele kushoto, ko. Mbele kulia, ko. Nyuma kushoto, ko. Nyuma kulia, pwa.

Nikagonga tena. Pwa.

Mchwa walikuwa wameingia kwa ndani, nje rangi nzuri haina alama. "Jamani," nikasema, "mkono huu utavunjika." Wakacheka. "Nasema kweli, utavunjika njiani naye yuko juu." Wakacheka zaidi. Mama mmoja akanishika bega, "Basi ntani, inatosha, tumekusikia." Nikapaza sauti kwamba si utani, na hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo. Nikasimama katikati ya uwanja wenu na shilingi mkononi, ninasema kweli kuliko siku zote za maisha yangu, na hakuna anayeniamini. Nikakuelewa, mtani. Nilikuelewa wewe wa ile siku ya boriti, ukiwa na maneno ya kweli mdomoni na mjinga mbele yako anakujibu habari za wali.

Nikamwendea mdogo wako. Yule mtu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, hilo hata Wamakonde wanakubali. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba Hamisi."

Kicheko kikakatika. Mdogo wako alikwenda kwenye mkono wa nyuma wa kulia, akauegemea kwa nguvu, ukatoa sauti na kupinda. Zainabu hakungoja kuambiwa, alikimbilia karakana yako akarudi na klampu zako mwenyewe na kipande cha mninga. Tukaufunga mkono kama ulivyonifundisha, ubao pande zote mbili, boliti nne. Swala haikuchelewa sana. Njia nzima hadi makaburini nilitembea nyuma ya mkono ule nikiutazama, na haukulia hata mara moja. Na wali nilikula mara mbili, kama nilivyoahidi, ingawa wa pili haukushuka vizuri.

Imamu alinipa daftari jipya. Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, mimi Mkristo wa Masasi nilikwenda kulikagua jeneza la msikiti. Nikaandika "Inaruhusiwa", nikasita kidogo, nikaacha hapo.

Yule bwana wa Dar amemaliza saa tisa. Alikuta ukurasa wetu akaniuliza kwa heshima kama "Mmakonde anaogopa upepo" ni maelekezo ya kiufundi. Nikamwambia ndiyo, bila hayo mimi nisingekuwepo. Kabla hajasaini nikamwomba agonge boriti kwa shilingi yako, pamoja na vipimo vyake vyote. Aligonga kuanzia shinani hadi nchani, bawa lote, na palipokuwa na ufa pamejibu vizuri kuliko pengine popote. Amesaini. Jumamosi napanda na Mama Stela, anasema anataka kuona kama jirani amejirekebisha.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mwaka jana nilimwamkia mdogo wako mbele ya watu wote, na wewe bado. Yule bwana ameshaondoka. Niko peke yangu ghalani, mlango nimeufunga, kofia nimeivua.

Shikamoo, Baba Zainabu.

Na tafadhali usiitikie. Ukiitikia nitakimbia, na mlango nimeufunga kwa komeo.

Mtani wako,
Mmakua wa Masasi